Imekuwaje Niungue na Jua Ilhali Upepo Ulikuwa Baridi?

SWALI: Majuzi tulitembea ziwani kwa boti tangu saa nne asubuhi hadi alasiri. Wingu jepesi lilikuwa limetanda, upepo ukivuma, nami nilikuwa nimejipaka losheni ya kukinga jua kabla ya kutoka nyumbani. Jioni mabega na shingo vilianza kuwaka, na siku iliyofuata yakatokea malengelenge madogo, ambayo nimeyapaka mafuta ya mgando. Imekuwaje niungue bila kuhisi joto, na sasa nifanye nini?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Nianze na ngozi yako, kwa kuwa ndiyo inayouma. Acha kwanza mafuta ya mgando, maana huzuia joto kutoka katika ngozi iliyoungua karibuni. Ipoze kwa maji baridi au kitambaa kilicholowa, lakini usiweke barafu, kisha upake losheni laini isiyo na manukato au jeli ya mshubiri. Kunywa maji ya kutosha, na ukizidiwa na maumivu utumie parasetamoli. Malengelenge usiyatumbue, kwa kuwa ile ngozi ya juu ndiyo inayozuia vijidudu kuingia. Yakienea sehemu kubwa ya mwili, au ukipata homa, kizunguzungu au kutapika, nenda kwa daktari bila kungoja.

Kuhusu kutohisi joto, miale inayounguza ngozi ni ya urujuanimno, nayo haionekani wala haileti joto tunalolihisi. Kwa hiyo upepo wa ziwani ulikupoza huku miale hiyo ikiendelea kukuunguza, na wingu jepesi huipitisha kwa kiasi kikubwa, pengine hadi asilimia 80. Hata aliyezama majini hajasalimika, kwa sababu kwenye kina cha nusu mita miale hiyo bado ina takribani asilimia 40 ya nguvu yake ya juu ya maji. Wekundu nao huchelewa: huanza baada ya saa kadhaa na kufikia kilele kati ya saa 12 na 24, ndiyo maana ngozi haikukuonya mapema. Wenye ngozi nyeusi huchelewa zaidi kuungua, lakini nao huungua, na wekundu wao ni rahisi kutotambuliwa.

Losheni ya asubuhi peke yake isingeweza kukukinga mchana kutwa. Hupakwa upya kila baada ya saa 2, na kila utokapo majini, hata ile inayostahimili maji; na watu wengi, kwa bahati mbaya, hupaka kidogo mno, ilhali mwili wa mtu mzima huhitaji takribani mililita 30 kwa mara moja. Mimi ningetanguliza shati la mikono mirefu lenye kitambaa kilichofumwa kwa kubana na kofia ya ukingo mpana, kwa sababu nguo haioshwi na maji, halafu losheni ya kiwango cha SPF (kipimo cha uwezo wa kukinga jua) 30 au zaidi ipakwe pale nguo isipofika.

Jambo la mwisho: baadhi ya dawa, ikiwemo doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, huifanya ngozi iungue upesi. Ikiwa unatumia dawa yoyote, mwulize mfamasia wako kabla ya kurudi ziwani.