Je, dagaa ni samaki gani hasa?

SWALI: Naandaa kijitabu cha wafugaji wa samaki, nami nimeandika kwamba "dagaa hizi ni samaki ambao bado hawajakua". Mwenzangu wa Kisumu anasema samaki huyo ni omena na ni mzima kabisa. Mwingine wa Kigoma anasema dagaa wa kwao si omena hata kidogo. Nani yuko sahihi, na je, "dagaa hizi" ni Kiswahili fasaha?

JIBU: Wenzako wote wawili wako sahihi, na sentensi yako ndiyo inayohitaji kurekebishwa. Dagaa si jina la umri. Samaki mchanga wa sato au wa kambare, hata awe mdogo kiasi gani, haitwi dagaa. Kwa wafugaji unaowaandikia huyo ni kifaranga, na wao hununua vifaranga kwa ajili ya kupandikiza bwawani. Dagaa ni samaki ambaye hata akikomaa na kutaga mayai hubaki mdogo, akavuliwa kwa wingi, akaanikwa na kupimwa kwa kopo au kwa gunia badala ya kuuzwa mmoja mmoja. Kwa hiyo jina hili limejengwa juu ya umbo na matumizi, wala halijali nasaba.

Kwa kuwa halijali nasaba, kazi ya kutambulisha samaki hubebwa na jina la mahali linalofuata. Dagaa wa Ziwa Viktoria, ambaye sokoni huitwa dagaa wa Mwanza, ni Rastrineobola argentea. Ndiye omena wa Kenya na mukene wa Uganda. Dagaa wa Kigoma ni jina linalobeba samaki wawili wa Ziwa Tanganyika, yaani Stolothrissa tanganicae, ambaye ni mwembamba na hufika takriban sentimita 10, na Limnothrissa miodon, ambaye hukua kumzidi na ambaye wavuvi wa ziwa hilo humwita lumbu. Lumbu wakiwa wachanga huchanganyika na wale wembamba katika wavu mmoja, wakaanikwa pamoja, na mnunuzi hana sababu ya kuwatenganisha.

Jambo ambalo jina la pamoja linalificha ni kwamba dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma hawana undugu wa karibu. Wa Kigoma ni wa ukoo wa sadini, kwa hiyo yuko karibu zaidi na samaki wa baharini aitwaye simu kuliko na dagaa wa Mwanza, ambaye ni wa jamii ya ningu. Ukimpata akiwa mbichi unaweza kuhakikisha kwa kidole: ukipapasa ukingo wa tumbo la dagaa wa Kigoma kutoka mkiani kuelekea kichwani, utahisi magamba yaliyochongoka kama meno ya msumeno, na ubavuni hutauona ule mstari mwembamba wa hisia walio nao samaki wengi. Dagaa wa Mwanza hana meno hayo tumboni, na mstari wa ubavuni anao. Akishakaangwa, ni vigumu kumtofautisha kwa njia hii.

Upo pia mkanganyiko wa upande wa pili, wa samaki mmoja kupata majina mengi. Lumbu alipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, akaitwa sambaza. Akapelekwa Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968, na huko huitwa kapenta. Kwa sababu hiyo nakushauri jina la kisayansi uliandike mara moja, pale samaki anapotajwa kwa mara ya kwanza, kisha uendelee na jina ambalo wasomaji wako hulitumia. Omena ni neno lililokwisha kuzoeleka katika Kiswahili cha Kenya, na sioni sababu ya kulikwepa. Ila kijitabu kikivuka mpaka, "dagaa wa Ziwa Viktoria" ni bora kuliko "dagaa wa Mwanza", maana samaki huyo huyo huvuliwa Musoma, Bukoba na Kisumu.

Kuhusu upatanisho wa kisarufi, dagaa ni kiumbe hai, hivyo huchukua a- na wa-: dagaa huyu amekauka, dagaa hawa wamekauka. "Dagaa hizi" husikika sana jikoni na sokoni, kama vile "samaki hizi", na katika mazungumzo sina ugomvi nayo, lakini katika maandishi rasmi iache. Tena jina lenyewe linatoa ushahidi, kwa kuwa hata anayesema "dagaa hizi" mara nyingi husema "dagaa wa Kigoma". Wala kifo hakibadilishi ngeli: dagaa wamekaangwa, si zimekaangwa.

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: "Dagaa hawa (Rastrineobola argentea) ni samaki ambao hubaki wadogo hata wanapokomaa."