Mkweo hamchukii mbwa, amechoshwa na wewe

SWALI: Shangazi, nimemchukua mbwa wa mfanyakazi mwenzangu aliyehamia Mwanza. Ana homa ya kupe na bado hajazoea nyumba. Mama mkwe, anayeishi nasi, hataki aingie ndani, na mume wangu anamuunga mkono mama yake. Watoto wanataka kulala naye. Juzi alimngurumia mdogo wakati anakula. Nifanyeje wampende? – Mama Wawili, Tanga

JIBU: Pole, mwanangu. Kuuguza kiumbe kisichoweza kusema kinaumwa wapi ni kazi nzito. Ila barua yako ndefu nimeisoma yote, na anayeonewa humo ni mkweo.

Umeandika kwa kupitia tu kwamba ni yeye aliyemwona mbwa akitokwa damu puani alfajiri, akamwamsha mwanawe ampeleke kwa daktari wa mifugo. Huyo ndiye anayemchukia? Homa ya kupe hupunguza chembe zinazogandisha damu. Angenyamaza, leo ungekuwa unaniandikia habari ya msiba.

Mama wa watu anaswali. Mate ya mbwa kwake ni najisi, na chombo kilicholambwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hayo uliyajua tangu unaolewa. Bado ukamleta mbwa usiku, bila kumshauri mtu, huku ukijua ana kupe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndoa za siku hizi zimejaa mambo haya: mmoja anaamua peke yake, kisha anataka nyumba nzima ipige makofi, na asiyepiga anaitwa katili. Nyumba haiendeshwi hivyo. Kinachokula, kinachougua na kinachotaka mlango kufunguliwa usiku kinajadiliwa na wote wanaolala humo.

Halafu vidonge. Unasema amechangamka, ukaviacha. Hapo umekosea vibaya. Dozi ya homa hiyo kwa kawaida huchukua wiki nne. Ukiikatisha, ugonjwa hujificha ukarudi baadaye. Rudi kwa daktari kesho, na uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya minyoo. Vidonge mpe akishakula, maana tumboni ni vikali.

Kitandani kwa watoto, hapana. Kupe wa mbwa hutaga mayai kwenye nyufa za kuta na pembe za sakafu, kwa hiyo kumwogesha mbwa peke yake hakutoshi. Mjengee kibanda uani, penye kivuli na pakavu. Mtu mmoja tu ndiye amlishe, saa zile zile, na huyo mtu awe wewe, si dada wa kazi.

Na huyo mdogo asimsogelee mbwa anapokula au kulala. Mnyama mgonjwa, ugenini, akinguruma anaomba nafasi. Mkimchapa kwa kunguruma, siku nyingine atauma bila kuonya.

Leo jioni kaa na mumeo na mama yake, uwatake radhi, kisha uwaulize kibanda kiwekwe upande gani.