Hilo bafu atalijaza nani?

Mmeuliza wiki hii kama vibanda vya kulala vya njia ya Marangu, Mlima Kilimanjaro, vifanywe vya kisasa, kila chumba na bafu lake. Mimi mtu wa Moshi, mlima nauona kila nikianika nguo, na swali lenu limenikera. Kibo, kibanda cha juu kabisa, hakuna maji, yanabebwa kutoka Horombo, kibanda cha chini yake. Hilo bafu atalijaza nani? Anayetaka maji ya moto abaki Shanty Town, huku huku Moshi mjini.

Nimelala huko, sihadithiwi. Usiku mmoja Mandara, mita 2,720, mwingine Horombo, mita 3,720, kisha kichwa kikanirudisha nyumbani. Paa la kibanda limeshuka mpaka karibu na sakafu, ukiinuka ghafla unaligonga. Soksi mbichi za watu msiowajua zinaning'inia juu ya pua yako. Jioni linakuja karai la maji ya uvuguvugu, halafu chai na bisi. Bisi za mlimani, jamani, acheni tu.

Saa nane usiku haja ikanibana. Nje nyasi zimeganda, zinalia chini ya kiatu kama maganda ya karanga. Natoka chooni namkuta mgumu mmoja, ndivyo tunavyowaita wapagazi wa mlimani, kijana, kasimama anaangalia taa za mjini kule chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hulali?"

Anatafuta kwao, mtaa wa Pasua. Basi tukaanza kubishana. Mimi nasema ule mstari ni barabara ya Himo, yeye anasema hapana, mama, Himo iko kushoto zaidi. Nikamwonyesha Majengo, akacheka. Tulibishana hadi midomo ikafa ganzi, na mpaka leo naamini nilikuwa sahihi. Nikamuuliza, baridi hii huisikii?

"Huku raha, mama, kuna ukuta. Njia ya Machame tunalala kwenye hema la kulia chakula, na hatuingii mpaka wageni wamalize kula."

Kweli, Kilimanjaro ni Marangu tu yenye vibanda vya kulala wageni. Njia nyingine zote ni mahema.

Nilikaa kuandika niseme msiguse hata msumari. Sasa sijui. Bafu bado nakataa, lakini kuta jengeni, hata huko Machame, mradi wa kwanza kuingia ndani awe aliyebeba kilo 20. Ila hapo tena nasita: mbao na saruji zitapanda kwa mgongo wa nani, kama si wa kijana yuleyule wa Pasua?