Kabla hujakilaumu Kinyamwezi: kwa walimu wapya wa Kiingereza mnaokuja Tabora

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa Urambo, Kaliua, Sikonge au Nzega, karibu sana. Wiki ya kwanza tu utaambiwa ofisini kwamba watoto wa huku Kiingereza hawakiwezi kwa sababu nyumbani wanaongea kilugha. Usilikubali upesi. Nimefundisha kidato cha kwanza huku kwa miaka, na makosa mengi ninayoyasikia wanapozungumza hayatoki kwenye Kinyamwezi. Yanatoka kwenye Kiswahili, lugha ambayo mimi na wewe tunayo pia, ndiyo maana mara nyingi hatuyasikii.

Chukua irabu. Kiswahili kina tano, basi. Mtoto akikutana na "ship" na "sheep" anayatamka sawa, kwa sababu Kiswahili kimempa i moja. "Hat", "hut" na "heart" yote yanapata a ileile. Lakini Kinyamwezi kina irabu saba, na juu ya hapo kinatofautisha irabu fupi na ndefu, kiasi kwamba ukiivuta irabu unaweza kupata neno jingine kabisa. Kati ya i na e Mnyamwezi ana sauti nyingine, na ukiisikiliza vizuri iko jirani na ile ya "ship". Kati ya u na o anayo nyingine, jirani na ya "book". Kwa hiyo mtoto aliyekulia Kinyamwezi ana sikio ambalo mtoto wa mjini anayejua Kiswahili pekee hana. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Tangu darasa la kwanza ameandika kwa irabu tano, na lugha ya bibi yake ameambiwa aiache getini.

Mwanzoni mwa muhula huwa naliomba darasa linitafutie maneno mawili ya kinyumbani ambayo kwa herufi za Kiswahili yangeandikwa sawa, ila maana ni tofauti. Kwanza wananyamaza, wanadhani ni mtego. Kisha mmoja anajitosa, wa nyuma anabisha, wa tatu anasimama na kuivuta irabu polepole ili wote waisikie, na darasa zima linaitikia. Wengine watakuletea maneno yanayotofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Yapokee pia, kwa sababu lengo ni kuliamsha sikio. Sikio likishaamka ndipo ninapoandika ubaoni "ship" na "sheep", na kwa wengi wao kazi iliyobaki ni ndogo. Wasukuma utakaowakuta nao wana irabu saba. Waha waliotoka Kigoma wana tano kama Kiswahili, lakini fupi na ndefu wanazitofautisha, kwa hiyo hawaachwi nyuma.

Yapo ambayo Kinyamwezi kinachangia kweli, nisikufiche. Hakitofautishi l na r, na utasikia "halaka" na "balabala" kabla hujasikia "lice" pale palipotakiwa "rice". Dawa yake iko mdomoni. Kwenye l ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu. Kwenye r ya Kiingereza haigusi popote. Mwambie aivute l, kisha aushushe ulimi huku sauti ikiendelea. Dakika tatu kila siku zinafaa kuliko kipindi kizima kwa mwezi.

Sauti ya "th" isikutishe. Kiswahili sanifu kinayo kwenye "thamani" na "dhahabu", ila wengi wa bara tunasema samani na zahabu. Kaa na mwalimu wa Kiswahili muisahihishe pamoja. Ukiipata kwenye Kiswahili, kwenye "think" na "this" inakuja yenyewe.

Mkazo ndio unaofanya mtoto asieleweke hata sarufi ikiwa safi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwanafunzi anaubeba hivyo hivyo mpaka kwenye "comfortable", neno ambalo mkazo wake uko mwanzoni. Mimi huanza na maneno yanayomkubalia. Yanayoishia na "-tion", kama "information" na "education", mkazo wake uko palepale alipouzoea, na mengi yanayoishia na "-ic", kama "economic", ni vivyo hivyo. Wapigishe makofi kwenye silabi yenye mkazo wapate ujasiri, kisha leta yanayokataa kanuni, "Catholic" na "arithmetic", wayaone kuwa ni wageni.

Kwenye sarufi, uvumilivu. "My mother he is sick" limebeba mambo mawili kwa mpigo. Yeye yetu haina jike wala dume, na kitenzi chetu kwa kawaida hakikai bila kiambishi cha nafsi: mama a-naumwa. Kinyamwezi nacho kiko hivyo hivyo, maana ni jambo la lugha za Kibantu. Ukimweleza mwanafunzi kwamba ile "he" ni a- yake iliyovuka mpaka, ataanza kuikamata mwenyewe.

Lipo moja linalowaponza watoto bila mtu kujua. Mwalimu anauliza, "Haven't you finished?" Mtoto ambaye hajamaliza anajibu "Yes", kwa sababu kwa Kiswahili angesema "Ndiyo, sijamaliza". Mwalimu anasikia kwamba amemaliza, anataka daftari, halipo, na mtoto anaitwa mwongo. Kumbe amejibu kwa ukweli wake wote. Mfundishe asiishie kwenye "yes" au "no", amalizie sentensi: "No, I haven't." Na wewe mwaka wa kwanza uliza kwa kukubali, "Have you finished?", mpaka wazoee.

Huenda shule yako ina kile kibao anachovishwa shingoni aliyekutwa akiongea kilugha au Kiswahili. Naumia kila nikikiona. Mtoto amesoma msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza ghafla, halafu anatishiwa aibu. Anachojifunza ni kunyamaza, na aliyenyamaza huwezi kumsahihisha matamshi. Zungumza na mwalimu wa taaluma kwa heshima, peleka pendekezo badala ya lawama. Omba dakika kumi za mwisho za kipindi cha Ijumaa ziwe za mazungumzo: wanafunzi wawili mbele, mmoja anamweleza mwenzake jinsi tumbaku inavyokaushwa au jinsi asali inavyorinwa, kwa Kiingereza alichonacho. Wewe kaa nyuma na kalamu. Usimkatize. Andika makosa mawili tu, na Jumatatu uanze nayo bila kutaja jina la aliyeyafanya.