Maswali ya Wasomaji: Mzee Yuko Bombo, Wasikilizaji Wako Dubai

Kikundi chetu hapa Bombo hukutana ukumbini kila mwezi, wazee wakatueleza historia ya Wanubi. Watoto wetu walioko Dubai na London wameomba waunganishwe kwa Zoom. Tumejaribu mara mbili. Mara ya kwanza waliona picha safi lakini maneno hayakusikika. Mara ya pili ulizuka mlio wa kutoboa masikio tukazima kila kitu. Tunakosea wapi?
*Msomaji, Bombo*

Mmehangaikia picha, na kikao cha historia ni kazi ya masikio. Mtu atavumilia picha yenye ukungu saa nzima, lakini sauti ikipotea dakika tatu anaondoka.

Inaelekea simu ya kurusha mliiweka mbali ili ukumbi wote uonekane. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo. Mzee akiwa sentimita 20 kutoka kwenye maiki anasikika vizuri. Akiwa mita 1.6, inafika sehemu moja tu ya 64, na nafasi iliyobaki inajazwa na mwangwi wa mabati, viti vinavyoburutwa na bodaboda za nje. Nunueni maiki ndogo ya kubana kwenye kola, yenye waya. Za bila waya ni nzuri mpaka betri iishe katikati ya hadithi. Ibaneni chini kidogo ya kidevu, upande usiosuguliwa na kilemba au shanga. Kama ukumbi una mwangwi, tandikeni mikeka na mtundike mablanketi mawili ukutani nyuma ya mzungumzaji. Haipendezi machoni, lakini mwangwi hupungua mara moja.

Ule mlio ni sauti inayojizungusha: maiki inasikia spika, spika inaitoa tena, maiki inaisikia tena. Mara nyingi mkosaji ni kijana mwema aliyeketi nyuma, amejiunga kwa simu yake ili aone kama matangazo yanakwenda. Ndani ya ukumbi kiwe kifaa kimoja tu chenye maiki iliyo wazi. Wengine wote wazime maiki na sauti pia. Spika muiweke mbele ya mzungumzaji ikiwaelekea wasikilizaji, isiwe nyuma yake hata kidogo.

Mkifika kwenye doluka, ngoma ya Wanubi, badilisheni mpangilio. Zoom huchukulia ngoma kuwa kelele na kuikata, kwa hiyo wa mbali wanasikia vipande vipande. Ndani ya mipangilio ya sauti kuna sehemu ya kuruhusu sauti halisi. Iwasheni ngoma inapoanza, izimeni inapoisha.

Kuhusu bando: picha ya kiwango cha megabiti 1 kwa sekunde hula kama MB 450 kwa saa. Sauti peke yake ya kilobiti 64 hula MB 29 hivi. Kwa kuwa bando zetu zimebeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, tofauti hiyo inaonekana mfukoni. Onyesheni sura ya mzee dakika tano za mwanzo wamsalimie, kisha wekeni picha moja iliyotulia na mwendelee kwa sauti. Akaunti ya Zoom isiyolipiwa hukatika baada ya dakika 40, basi msingoje iwakate: zungumzeni dakika 35, kunyweni chai, fungueni kikao cha pili. Wazee nao watashukuru.

Muda ndio unaowapoteza wengi. Mkiandika "saa 10" kwenye tangazo, kijana wa London ataangalia simu yake na kujiunga saa 10:00 ya huko, nanyi hamjafungua hata mlango wa ukumbi. Andikeni hivi: saa 10 jioni Uganda (16:00), Dubai 17:00, London 13:00. Kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba London inakuwa 14:00, maana wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Tatizo ni kwamba jioni za Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, ndizo za mvua, na hakuna maiki inayoshinda mvua juu ya mabati. Miezi hiyo hamishieni kikao saa 4 asubuhi. London itakuwa bado asubuhi mapema, na watakaoamka ndio wenye nia.

Mwisho, wekeni simu ya pili kando ya mzee, ikiwa katika hali ya ndegeni, irekodi peke yake. Matangazo yakikatika, hiyo ndiyo itakayobaki. Hali ya ndegeni si hiari, kwa sababu simu ikipigwa katikati, simu nyingi husimamisha kurekodi na hazirudi zenyewe.

Tunaandika historia ya mtaa wetu. Kila tukimwuliza bibi jambo lilitokea mwaka gani, anajibu "zamani". Tumpe miaka achague?
*Msomaji, Jinja*

Msimpe. Ukimtajia 1968 atakubali kwa adabu tu, na kesho mtu mwingine ataiandika kama ushahidi.

Mwulizeni alikuwa na nani na alikuwa anafanya nini, kisha lifungeni jambo hilo kati ya matukio mawili ambayo tarehe zake hazina ubishi. Kwenu Jinja mna utajiri: bwawa la Owen Falls lilizinduliwa 1954. Uhuru ni tarehe 9 Oktoba 1962. Ikulu ya Kabaka ilishambuliwa Mei 1966. Amin alichukua nchi tarehe 25 Januari 1971, na Wahindi walipewa siku 90 za kuondoka Agosti 1972. Kampala ilianguka Aprili 1979. Mei 1987 fedha zilibadilishwa, shilingi 100 za zamani kwa moja mpya, na juu yake ikakatwa asilimia 30. Aliyekuwa na akiba ndani ya godoro siku hiyo hajaisahau.

Sasa mfano. Bibi anasema, "Duka lile lilikuwa bado la Mhindi, na mimi nilikuwa nanyonyesha Zaina." Hapo ni kabla ya mwisho wa 1972. Ulizeni: Zaina alizaliwa kabla ya Amin au baada? Kama ni baada, mmeshapata dirisha la chini ya miaka miwili bila kumtajia mwaka hata mmoja. Andikeni "kati ya 1971 na 1972, kwa kulinganisha na kuondoka kwa Wahindi". Msiandike "1972" tupu. Anayekuja baadaye ahakiki njia yenu.

Kwa familia za Kiislamu kuna kipimo kingine kizuri. Mwaka wa Hijria hupungukiwa na wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote na kurudi mahali pake baada ya miaka 33 hivi. Bibi akisema mwaka huo walifunga katika kiangazi cha Januari, basi ni katikati ya miaka ya 1960 au karibu na 1996 hadi 1998. Zaina tena ndiye atakayewaambia ni ipi.

Kitambulisho cha taifa msikitegemee kwa umri wa wazee. Mkiona tarehe 1 Januari, shukuni. Huenda ilijazwa na karani.

Mjukuu wetu amezaliwa nje ya nchi. Tunataka apewe empaako, jina letu la heshima na upendo, lakini shangazi zake wako Fort Portal. Inafaa kwa simu?
*Msomaji, Kabarole*

Kuamua kama inafaa ni kazi ya mkuu wa ukoo wenu, si ya gazeti. Aanze kuulizwa yeye. Akikubali, sisi tuna la kusema juu ya namna.

Kiini cha sherehe ni shangazi wa upande wa baba kumchunguza mtoto uso na viungo, wakitafuta anafanana na nani katika ukoo. Jina linatokana na hapo, kisha mkuu wa ukoo analitangaza. Kwa hiyo kinachohitaji ubora ni uso wa mtoto. Siku mbili kabla, wazazi wapige picha nne: uso mbele, pande zote mbili, na mikono. Wasimame karibu na dirisha mchana, taa ya simu izimwe, na programu za kulainisha ngozi zisiguswe, maana zinafuta hasa kile shangazi wanachokitafuta. Zitumwe WhatsApp kama hati, si kama picha, ili zisifinywe. Mkiweza, zichapishwe zipite mkononi. Shangazi wa miaka 75 hatamchunguza mtoto kwenye kioo chenye ufa.

Siku yenyewe mtandao ubebe tangazo la jina tu. Mlo wa ulezi na nyama iliyokaushwa kwa moshi uliwe pande zote mbili, na mti upandwe Fort Portal mtoto atakuja kuukuta. Kumbukeni pia kwamba majina ni 12 na Okaali ni la mfalme. Kijana wa ng'ambo akilipendekeza kwa kuwa linasikika vizuri, mkatazeni mapema kabla shangazi hawajasikia. Desturi hii iliingizwa na UNESCO mwaka 2013 katika orodha ya zinazohitaji kulindwa kwa haraka, kwa hiyo mkipata ruhusa, rekodini.

Tulimrekodi mzee, akakubali, tukaweka YouTube. Sasa familia imegawanyika kwa sababu alitaja nani alipewa kibanja, yaani kipande cha ardhi, na nani. Tulikuwa na ruhusa yake! Tufanye nini?
*Msomaji, Mukono*

Iondoeni leo, ndipo mzungumze. Video inaweza kurudi mtandaoni wakati wowote. Wakili akishaingia, hamuwezi kumrudisha.

Kosa lilikuwa kuomba ruhusa mara moja, tena mwanzoni. Kabla ya mazungumzo mzee hajui atasema nini, kwa hiyo ruhusa ile ni ya kurekodi tu. Ya pili iombwe baada ya kumsikilizisha, ikiwezekana baada ya siku chache, na iwe kwa vipande: hiki kihifadhiwe, hiki kisikilizwe ukumbini, hiki kiende mtandaoni, hiki kifungwe mpaka mwaka fulani. Aulizwe pia kama jina lake litajwe. Asiyesoma, rekodini ruhusa hiyo kwa sauti yake, mkitaja tarehe na mahali. Akibadili nia baadaye, heshimuni. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inagusa kazi hii, na kwa mtoto mnahitaji idhini ya mzazi au mlezi.

Katika Buganda, mambo manne huwekwa kapu la pekee hata kama hakuna aliyelalamika: ardhi, urithi, ugonjwa, na mtoto ni wa nani. Kwa mfumo wa koo, unaoshuka ngazi kwa ngazi kutoka akasolya (kichwa cha ukoo) hadi matawi ya ssiga, mutuba na lunyiriri, neno moja juu ya baba wa mtu linamhamisha ukoo mzima.

Tulirusha moja kwa moja utengenezaji wa lubugo, kitambaa cha gome la mti. Baada ya dakika kumi watazamaji wakabaki watatu. Je, vijana hawajali?
*Msomaji, Masaka*

Msiwasingizie vijana. Kupiga gome ni kazi ya saa nyingi, na dakika ya kumi inafanana na ya tisini. Kinachobadilika ni vitu vichache: gome linavyobanduka kwenye mti wa mutuba, shina linavyofungwa majani ya mgomba lipone, nyundo zinavyobadilishwa kutoka zenye mifereji mipana hadi myembamba, na rangi inavyogeuka nyekundu ya udongo kitambaa kikianikwa. Rekodini hayo kabla, dakika 12 jumla. Siku ya kikao onyesheni vipande, na fundi awe hai kujibu maswali, nyundo mkononi. Wa ukumbini wapewe gome waguse, kipande kilichopigwa mara moja na kilichokamilika. Na kazi ifanyike chini ya kivuli: msimtoe fundi juani kwa ajili ya mwanga wa kamera, gome likikauka haraka linaharibika na hasara ni yake.

Picha za zamani za ukoo zimo kwenye grupu la WhatsApp. Zinatosha kwa maonyesho?
*Msomaji, Arua*

Kwa simu, ndiyo. Kwa ukuta, hapana. Zimefinywa kila zilipotumwa, na mkizikuza nyuso zitakuwa viraka. Tafuteni aliye na karatasi yenyewe, muiskani kwa nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 6 kwa 9 itatoa faili ya karibu nukta 1,400 kwa 2,100, mnaweza kuichapisha kwa upana wa sentimita 12 bila aibu. Nyuma ya picha pia pigwe, hasa kama pana mwandiko au muhuri wa studio. Msiandike kwa kalamu ya wino: penseli laini, pembeni. Na iliyogandamana na kioo cha fremu msiibandue. Ipigeni ikiwa humo humo, kamera ikiwa imeinama kidogo ili mwanga wa dirisha usirudi.