Benchi la viatu mlangoni: mfuniko umejikunja, viatu vimeota ukungu

SWALI: Jambo fundi. Mimi na mtoto wangu mkubwa tulitengeneza benchi lenye sanduku la viatu, tukaliweka ndani karibu na mlango. Mbao ni za mkaratusi, tulizinunua mbichi kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Chini tulipiga tripleksi, juu tukapaka vanishi. Sasa ni miezi minne: mfuniko umejikunja pembeni, haufungi tena, na viatu vya watoto vimeota ukungu. Tubomoe lote? (Mama wa watoto watano, Kadutu, Bukavu)

JIBU: Jambo mama. Msibomoe. Kama miguu imesimama sawa na pande hazijapasuka, hizo ziacheni. Mtakavyofanya upya ni viwili tu: mfuniko na sakafu ya sanduku.

Tuanze na mfuniko. Ubao mbichi umejaa maji, na maji yakitoka ubao husinyaa. Hausinyai kwa urefu, husinyaa kwa upana, na mkaratusi una tabia hiyo kuliko miti mingi tunayopasua huku Kivu. Ubao wa sentimita 30 ukikauka unaweza kupoteza sentimita 2 nzima. Halafu mlipaka vanishi juu peke yake. Upande wa chini ukabaki wazi, unavuta na kutoa unyevu, huku wa juu umefungwa. Pande mbili za ubao mmoja zikifanya kazi tofauti, lazima ujikunje.

Kwa hiyo tafuteni mbao kavu. Grevilea ni laini kwa randa na hutulia vizuri ikikauka. Mkipata libuyu, ule mti mgumu wa msituni, mtafurahi zaidi, ila mfuko utaumia. Hata mkaratusi unafaa ikiwa mtausubiri. Zipangeni mbao chini ya paa, zisiguse udongo, na kati ya ubao na ubao muweke vijiti vya unene mmoja kila nusu mita ili upepo upite. Ncha zipakeni rangi ya mafuta zisipasuke. Mtajuaje kwamba zimekauka? Fundi wengi hugonga na kusikiliza, lakini mimi naamini mizani. Chukueni ubao mmoja mdogo, mpeleke kwa muuza maharage aupime, muandike uzito, mrudi kila wiki. Siku uzito utakapoacha kupungua, mbao zimeshazoea hewa ya nyumba yenu. Wakati mzuri wa kuanza ni Juni hadi Agosti, kabla mvua ya Septemba haijarudi.

Usitafute ubao mmoja mpana, mama. Tumia mbao tatu za sentimita 12, unene wa sentimita 2 na nusu, zikilala sambamba na nafasi ya milimita 3 kati yake. Tazameni miviringo kwenye ncha: upande uliokuwa karibu na kiini cha mti uwe juu, ili ubao ukitaka kujikunja kingo zake zikandamize chini badala ya kuinuka. Chini ya mbao mbili za mbele, zinazofunguka, fungeni vipande vitatu vya kukingama kwa skrubu, wala msitie gundi hapo. Katika kila ubao wa mbele, kwa kila kipande, tieni skrubu mbili: ya kwanza ishike kabisa, tundu la pili kwenye kipande mlitanue kidogo kufuata upana wa ubao, ubao upate pa kusogea. Na toboeni kwanza kwa keekee nyembamba kuliko skrubu, maana mkaratusi mkavu hupasuka kwa msumari. Mkimaliza, vanishi juu, chini na kwenye ncha zote, mara mbili.

Ubao wa nyuma, ule wa ukutani, upigeni moja kwa moja kwenye fremu usifunguke. Bawaba tatu zifungwe kati yake na mbao mbili za mbele. Hivyo mfuniko ukifunguliwa utalala nyuma kidogo kuegemea ukuta na hautaangukia vidole vya mtoto.

Sasa ukungu. Viatu vinavyopanda na kushuka njia za Kadutu wakati wa mvua vinaingia nyumbani na tope na maji. Ukivifungia kwenye sanduku lililozibwa chini kwa tripleksi, juu ya simenti baridi, maji hayana pa kwenda. Hakuna dawa ya kupaka itakayowasaidia hapo. Ng'oeni tripleksi, muweke fito za sentimita 4 zenye nafasi ya sentimita 1 kati yake, na sakafu hiyo iinuke sentimita 5 kutoka chini. Chini yake sukumeni kipande cha bati kilichokunjwa kingo: tope litaangukia hapo, mtakitoa Jumamosi na kukiosha. Nyuma toboeni matundu matano au sita karibu na juu, upana wa kidole gumba. Hewa baridi iingie chini, yenye unyevu itokee juu. Nafasi hizo zina kazi nyingine pia: mtoto akijificha ndani wakati wa mchezo, hatakosa pumzi. Ndiyo maana pia sitaki uweke komeo la nje.

Hukunitajia vipimo. Benchi la kukalia liwe na kimo cha sentimita 45, na kwa familia yenu urefu wa sentimita 110. Hapo jozi nne za watu wazima zinakaa kwa safu moja. Juu yake wekeni trei ya fito inayotoka, kwa viatu vya shule, lakini isifike mwisho: upande mmoja uacheni wazi kwa ajili ya buti.

Miguu ipigilieni vipande vya tairi kuukuu kwa chini. Mkideki, maji hayatapanda kwenye mbao.