Jino la mtoto kuzibwa bila mashine: hujapunjwa

Mkuu, unauliza kama umepigwa, kwa vile daktari alikwangua tundu la gego la mwanao kwa vifaa vya mkono akaziba kwa dawa ya kukoroga, bila mashine wala ile taa ya bluu. Hapana. Hiyo ni glasi ayonoma: unga wa kioo maalumu na asidi, vikichanganywa vinaganda vyenyewe. Inashikana na kalsiamu ya jino moja kwa moja, tena inaachia floraidi kidogo kidogo. Walioibuni ni Wilson na Kent wa Uingereza, wakaitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na mbinu ya kukwangua kwa mkono kisha kuziba ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya sehemu zisizo na umeme!

Kompositi, yaani dawa ya kuziba inayogandishwa kwa ile taa ya bluu, inataka jino lipakwe asidi ya fosforiki, lioshwe, likaushwe, ndipo gundi ipakwe. Mate yakigusa hapo, haishiki vizuri. Sasa mtoto analia, ulimi hautulii… mwenyewe unaona.

Udhaifu upo. Glasi ayonoma husagika haraka, na tundu likila pande mbili za jino hudumu muda mfupi zaidi. Akitoka kuzibwa asile kwa saa moja hivi. Jino likianza kumuuma usiku au ufizi ukivimba, mrudishe upesi, maana hapo shida imeshafika ndani na kuziba tu hakutoshi.